Nchi ya Kamba

Kitambaa chenyewe kilikuwa cha marekani, cheupe, cha kutosha meza ya watu wanane. Pindo lake mavyaa wangu alilitarizi kwa mkono kabla mimi sijaingia katika nyumba ile: maua mekundu na ya manjano yameandamana pande zote nne, na kwa ndani akakitia bitana ili mafundo ya uzi yasionekane. Makao yake yalikuwa sandukuni. Kilitoka kwa Idi mbili na kwa mgeni wa heshima, basi. Siku wajumbe wa posa ya wifi yangu walipokuja kutoka Koboko nilikitandaza mwenyewe, nikakinyoosha kwa viganja, nikarudi nyuma hatua moja kukitazama. Sikujua kwamba upande wake wa chini ulikuwa na dunia nzima, ina milima, mto na wakazi wake, na kwamba baadhi ya wakazi hao walikuwa wameketi mezani kwangu wakingoja chai.

Sina budi kuieleza nyumba kwanza. Tunaishi Arua, Uganda. Mume wangu ni Mlugbara wa Terego. Kwao mtu akifungua mlango asubuhi anauona mlima Wati. Mimi ni Mwalur, nimezaliwa Pakwach, ubavuni mwa Naili. Mavyaa ni Mnubi mzaliwa wa Koboko, uzao wa wale askari wa Emin Pasha ambao wengi wao Mwingereza Lugard aliwaandika jeshini mwaka 1891, wakasambaa na Kiarabu chao kilichokatwa kikashonwa upya. Kilugbara, Kialur na Kinubi havijuani hata kwa ujomba. Nilipoolewa, mavyaa na mimi tulikaa siku tatu tukitabasamiana tu. Kiswahili ndicho kilichotufungua vinywa: yeye alikirithi kwa baba yake aliyekuwa askari, mimi ni mwalimu wa somo hilo, na mume wangu alizaliwa ukimbizini ng'ambo ya mpaka wa Kongo, baada ya watu wa mkoa wetu wa West Nile kukimbia mwaka 1979 na 1980, akakiokota sokoni pamoja na Lingala. Watoto wangu watatu wamekua wakiamini kwamba kila nyumba ina lugha moja ya mezani na nyingine za vyumbani.

Machi 2020 Uganda ilifunga shule, na watoto wengi hawakurudi madarasani mpaka tarehe 10 Januari 2022. Nikawa mwalimu wa wanafunzi niliowazaa: kifungua mimba, mvulana wa miaka 14, wa pili, msichana wa miaka 11, na kitinda mimba, aliyekuwa na saba. Walicheza ludo mpaka ubao ukapasuka katikati. Ndipo kifungua mimba akasoma kwenye simu ya baba yake habari za Dungeons & Dragons, mchezo wa Kimarekani uliotolewa mwaka 1974 na Gary Gygax na Dave Arneson. Mmoja husimulia, wengine huwa watu ndani ya hadithi, na dadu huamua kama upanga umepiga au umekosa. Ubao si lazima. Kinacholazimu ni dunia.

Usiku wa kwanza walichezea dunia ya kuazima: ngome, theluji, joka linalotema moto. Mavyaa, ambaye watoto humwita Haboba, alikuwa pembeni anachambua majani ya kunde.

"Hilo joka ni la nani?" akauliza.

"Si la mtu, Haboba. Linakaa mlimani."

"Mlima upi?"

Kifungua mimba akatazama simu.

"Linakula nini?"

"Watu."

"Wa ukoo gani?"

Hakupata jibu. Kitinda mimba naye alikuwa amekwama kwenye theluji, akitaka kujua kama mihogo huota humo. Mchezo ukafa palepale, na mvulana wangu akaenda kulala bila kuaga.

Maswali yale hayakunitoka. Tolkien, ambaye vitabu vyake viliwashibisha watu waliotunga michezo ya namna hii, alizaliwa Bloemfontein, Afrika Kusini, mwaka 1892, lakini alilelewa Uingereza akawa profesa wa Kiingereza cha kale, na majoka yake yalitoka katika hadithi za kaskazini ya Ulaya alizokuwa akizisoma na kuzifundisha maisha yake yote. Joka lake lilikuwa na ukoo. Lilipofika kwetu lilikuwa yatima, na mavyaa, mtu ambaye hamkaribishi mgeni kabla ya kumuuliza kwao, alilitambua mara moja.

Tangu hapo kila mtu mzima wa nyumba ile akawa na deni la jioni. Baba yao alianza. Hapo kale, kwa Walugbara, watu walipanda na kushuka kati ya nchi na mbingu. Njia ile ikakatika, wakaanguka huku na huku, kila kundi na lugha yake. Aliwapa Gborogboro, mtu wa kwanza, na mkewe Meme, ambaye ndani ya tumbo lake Mungu aliweka wanyama wa porini. Paa alilitoboa akatoka, wengine wakamfuata, na baadaye ndipo wakazaliwa watoto, mvulana na msichana. Vizazi vikapita mpaka kwa mashujaa wawili: Jaki, ambaye mlima wake ni Liru kule Koboko, na Dribidu wa mlima Wati, mwenye nywele mwili mzima, aliyekuwa akiwala watoto wake mwenyewe mpaka akafukuzwa, akavuka Naili kuja upande huu. Akawapa na adro akaaye vijitoni, mrefu, mweupe, aliyepasuliwa kwa urefu kama gogo la kuni: jicho moja, sikio moja, mkono mmoja, mguu mmoja.

Mtoto akipewa kitu cha namna hiyo hakiweki kabatini. Kesho yake asubuhi kifungua mimba alitangaza kwamba njia ile iliyounganisha mbingu na nchi ilikuwa kamba, na kwamba haikupotea. "Ilianguka ikalala," alisema. "Ndiyo Naili." Dunia yao ikapata jina, Nchi ya Kamba, na mimi niliyezaliwa kando ya mto huo nilisimama na sufuria mkononi, nikaona kwamba mwanangu kanipa mto wangu upya.

Binti yangu ndiye aliyetunga sheria. Anayechukua nafasi ya paa huanza kucheza, kwa kuwa paa ndiye aliyefungua mlango. Anayekutana na adro huweka mkono mmoja nyuma ya mgongo, mkono wake hasa wa nyama, na hautoi mpaka avuke mto mwingine. Akiwashwa pua na mkono wa pili umeshika dadu, shauri lake. Nimesoma sheria nyingi za michezo tangu siku zile, na sijaona nyingi zinazomwingiza mchezaji ndani ya mwili wa kiumbe kwa haraka hivyo.

Dadu zilitutesa. Mchezo wa Marekani hutaka dadu ya pande 20, na sokoni Arua sikuiona. Kifungua mimba alichonga moja kwa muhogo mkavu, kazi ya siku mbili, jogoo akaidonoa ikabaki pande ambazo hazihesabiki. Akafinyanga nyingine ya udongo, akaichoma kwenye sigiri, ikapasuka kwa mlio uliomwamsha mavyaa. Wakarudi kwenye dadu mbili za ludo, wakawa wanajumlisha. Hapo binti akagundua kwamba saba inakuja mno. Alikaa barazani na kijiti, akaandika mchangani kila namna dadu mbili zinavyoweza kuanguka: namna 36. Sita kati ya hizo huleta saba. Moja tu huleta mbili, na moja tu huleta 12. Dadu ya pande 20 haina upendeleo, kila upande una zamu sawa. Dadu mbili zina katikati na zina pembeni. Alifurahi kuliko siku yoyote niliyowahi kumfundisha hesabu. Saba ikawa mwendo wa kawaida, siku ya kulima na kurudi nyumbani. Mbili ikawa adro. Kumi na mbili ikawa mvua.

Kwa mvua, mavyaa aliinua kidole. Watoto walitaka mawe, kwa kuwa baba yao aliwaambia kwamba kwa Wakakwa wa Koboko kuna koo za mvua na mawe yake. "Mvua ichezeni," alisema. "Mawe yaacheni. Yana wenyewe, na wenyewe wako hai." Hakueleza zaidi, na hakuna aliyemshinikiza.

Zamu yangu ilipofika niliwapa cha kwetu: Gipir na Labongo. Gipir alichukua mkuki wa ndugu yake kwa haraka, akampiga nao tembo, tembo akaenda nao. Labongo akakataa mkuki mwingine wowote, anataka uleule. Gipir akaingia nchi ya tembo, akateseka, akarudi na mkuki na shanga alizopewa huko na bibi kizee. Mtoto wa Labongo akameza shanga moja. Gipir naye akakataa shanga nyingine yoyote. Anataka ileile, na tumbo la mtoto likapasuliwa. Ndugu wakaachana karibu na Pakwach, mahali paitwapo Wang Lei, shoka likaachwa hapo kuwa alama, na Waluo wakagawanyika. Nilipomaliza, kitinda mimba alikuwa ameshika tumbo lake. Kifungua mimba aliandika kwenye daftari: *Sheria ya Shanga. Kilichoazimwa hurudishwa kilekile.* Nilitaka kumwambia kwamba mimi hadithi ile niliisikia kinyume, kama onyo. Usingizi ulinishinda, nikaahirisha.

Jambo la mwisho walilopokea, na ndilo lililotuletea msiba, lilikuwa la watu waliopinduka. John Middleton, mwanaanthropolojia Mwingereza aliyeishi kwa Walugbara karibu na mwaka 1950 na kuchapisha kitabu *Lugbara Religion* mwaka 1960, aliliandika vizuri, na mume wangu alilisikia kwa babu yake bila kitabu. Jirani yako wa karibu ni mtu kama wewe. Anayefuata ana uchawi kidogo. Mbele yake wana mambo ya kuogopesha, na wa mwisho kabisa, huko ambako hujafika, wanatembea kwa vichwa. Hata Wazungu wa kwanza walisimuliwa hivyo. Na wakati nao uko hivyohivyo: ukirudi nyuma kwa mababu unakutana na waliofanya kila kitu kinyume, kama Dribidu na watoto wake. Umbali wa nchi na umbali wa miaka ni kitu kimoja. Niliwapigia watoto makofi siku walipoifanya sheria ya ramani yao. Mwalimu mzima, sikuwauliza mpaka wa walio wima wameuweka wapi.

Karatasi ya kutosha ramani hawakuwa nayo. Sanduku halikuwa na kufuli. Nilikuwa shambani, mavyaa yuko kwa jirani. Walilaza kitambaa sakafuni, bitana juu, wakachora kwa maka, ile kalamu nene ya wino usiotoka. Milima wakaipaka utomvu wa mgomba, ambao kila mama anajua kwamba hauna sabuni yake. Kamba iliyoanguka wakaipaka buluu ya kufulia. Wakasubiri ikauke, wakakikunja kwa mikunjo yake ileile, wakakirudisha.

Wajumbe walikuwa watano, Jumamosi moja ya mwisho wa 2021. Ilikuwa wafike saa tano asubuhi. Taksi yao iliharibika njiani, wakafika saa kumi alasiri, na kafyu ya siku zile ilikuwa saa moja jioni. Msemaji wao alikuwa baba mkubwa wa bwana harusi, Mkakwa mrefu, mtaratibu, aliyevua kofia alipoingia na kuishika magotini. Salamu zikaenda kwa zamu yake, dua ikasomwa, mazungumzo yakaanza kwa mbali kama inavyotakiwa: mvua, mavuno, ugonjwa, bei ya mafuta. Nikaandaa pilau, mbuzi, samaki wa angara, na enyasa, ugali wa huku, kwa wasioshiba bila enyasa. Wifi yangu aliingia na bakuli la mchuzi, macho chini. Mikono yake ilitetemeka. Mchuzi ukamwagika kutoka katikati ya meza hadi ukingoni.

Mama mmoja wa upande wao, kwa wema wake kabisa, akasimama. "Si kitu, mwanangu. Kina bitana. Tukigeuze tu." Kabla sijafikisha kitambaa cha kupangusia, wanawake watatu walikwisha kuinua sahani, wakashika pembe, wakakigeuza.

Kimya kile nakisikia hata leo. Arua ilikuwa katikati, kilima chake juu, na watu wamesimama wima, wameshikana mikono. Kamba ya buluu ilipita kulia. Juu kabisa, kaskazini, ulikuwapo mlima wa rangi ya utomvu, na chini yake kundi la watu vichwa ardhini, miguu hewani. Kando yao, kwa mwandiko mzuri wa binti yangu, ule niliomfundisha mimi: *Koboko. Hapa watu hutembea kwa vichwa na hula watoto wao.*

Siku ya posa. Tumewaita ili tuwape mtoto.

Mume wangu alifungua mdomo akaufunga. Mimi nilipiga magoti nianze kuomba radhi, na maneno yakagoma. Baba mkubwa hakunitazama. Alikuwa ameinama juu ya meza, pua karibu na nguo, anasoma. Akasoma kila kitu, taratibu, kidole kikifuata maandishi. Kisha akauliza, "Nani aliichora nchi yangu bila kuniuliza?"

Watoto walikuwa mlangoni. Kifungua mimba akatoka mbele, magoti yakigongana. "Mimi, Babu."

"Umewahi kufika Koboko?"

"Hapana, Babu."

Ni kilomita zipatazo 55, na nusu ya damu ya bibi yao iko huko. Swali lile lilipaswa kuja kwangu.

Ndipo mavyaa akasema, kwa Kiswahili, ili sote tusikie. Alisema siku alipoolewa kuja Arua mama yake alilia mpaka sauti ikakauka, akimwambia anakwenda kwa watu wa chini juu. "Nililala macho usiku wa kwanza," alisema, "nikingoja nione mume wangu atawekaje miguu." Yule mama aliyegeuza kitambaa alikuwa wa kwanza kucheka, wengine wakamfuata. Baba mkubwa hakucheka. Alinyoosha mkono. "Hiyo kalamu iko wapi?" Akapewa maka. "Liru hauko hapa," akasema, "mmeupeleka Sudani," na akauchora mwenyewe mahali pake, kando ya sahani ya wali.

Saa moja ikatukuta mezani. Kurudi Koboko hakukuwezekana tena, na wageni wa posa wakalala kwetu, jambo ambalo si desturi, wanaume sebuleni, wanawake kwa mavyaa. Umeme ulikuwa umekatika. Kwa mwanga wa taa ya sola baba mkubwa aliomba afundishwe mchezo. Alichukua paa. Mara ya tatu dadu zikamletea mbili, akakutana na adro, akaweka mkono nyuma ya mgongo kwa utiifu, na kwa saa nzima hakuweza kunywa chai yake kwa sababu mkono mmoja ulioruhusiwa ulikuwa na dadu. Kitinda mimba alimnywesha.

Karibu na usiku wa manane kifungua mimba akaleta maji. Alitaka Nchi ya Kamba iwe na maji ambayo anayeyanywa hapigwi na risasi, kama ya Kinjikitile kule Ngarambe katika vita vya Majimaji vya 1905 hadi 1907, aliyoyasoma shuleni. Baba mkubwa akaweka dadu chini. "Hayo kwetu yalikuwapo," akasema. Akawasimulia Rembe, nabii wa Kikakwa, ambaye maji yake, Yakan, Walugbara na Wakakwa waliyanywa. Rembe alikamatwa na kuuawa Yei mwaka 1917. Na walioyanywa wakaenda kukutana na bunduki za serikali wakiyaamini. Alisema kwa sauti ya kawaida. Wajukuu wa watu wale wanaishi, alisema, wengine ni jirani zake. Ukiweka maji hayo kwenye mchezo, yatafanya kazi au hayatafanya? Yakifanya kazi umesema uongo juu ya maiti. Yasipofanya kazi umewaua mara ya pili. Binti yangu akauliza kama yanaweza kuwapo bila mtu kuruhusiwa kuyanywa. Mzee akafikiri sana. "Hapo sawa," akasema. "Yachoreni, na njia ya kuyafikia isiwepo." Wakachora kisima kaskazini, kimezungukwa na nyasi pande zote. Nimewahi kuhudhuria semina za kufundisha historia zisizofika pale tulipofika sisi usiku ule.

Posa ilikubaliwa asubuhi, mapema, na kwa maneno machache. Mambo magumu yalikwisha jana yake.

Wageni walipoondoka, mavyaa aliwafungia mkate, sukari na mabaki ya mbuzi, kwa kuwa mgeni aliyelala haondoki mikono mitupu. Aliufunga mzigo kwa kitambaa. Kwa kukusudia au kwa kupitiwa, sijui. Nilimuuliza mara mbili, na mara zote mbili aliniambia kwamba kilikuwa tayari kina mchuzi. Watoto waliamka saa tatu, meza iko uchi, dunia imekwenda Koboko kwa taksi.

Kifungua mimba hakula siku ile. Wiki iliyofuata kondakta akatuletea furushi kutoka kwa wakwe: marekani mpya, nyeupe, pana kuliko ya kwanza, na bitana juu yake. Mvulana hakuigusa. Aliniletea daftari, akaweka kidole kwenye Sheria ya Shanga. Nilimwambia hadithi ile niliisikia kinyume, kwamba mama yangu aliisimulia ili tusiwe kama ndugu wale. "Lakini Labongo alikuwa na haki," akasema. Alikuwa nayo. Hapo ndipo nilipokosa la kumjibu, nikaahidi nitakwenda.

Nilikwenda wiki ya kwanza ya Januari. Njia ni ya lami, Manibe, Maracha, miembe pande zote mbili, kisha ardhi inainuka na Liru unatokea, palepale alipouweka mzee. Soko la Koboko ni la watu wa nchi tatu, kwa kuwa Kongo na Sudani Kusini ziko pua na mdomo, na mchuuzi mmoja alinihesabia chenji kwa Kiswahili huku akimkemea mtoto kwa Kinubi. Nyumbani kwa mzee nilipokewa kama mtu wa nyumbani. Kitambaa kilikuwa barazani, kimetandazwa mkekani, na watoto sita wamekizunguka.

Dunia ilikuwa imekua. Koboko ilijaa nyumba, msikiti, shule, na miti iliyopewa majina. Wakazi wake walisimama wima. Kisima cha nyasi walikiacha. Kaskazini zaidi, ukingoni kabisa mwa bitana, palikuwa na mji mpya, na kutoka hapo njia nyembamba ilishuka mpaka Koboko, imechorwa kwa nukta, nukta nyingi mno, za mkono uliokuwa haukimbii. Aliyeichora alikuwa msichana wa miaka kama 12 aliyelelewa pale. Mji ule ni Yei. Alitoka huko mwaka 2016, vita vilipowafikia, akiwa mdogo. Nilimuuliza kila nukta ni nini. "Ni mahali tulipopumzika," akasema.

Lual Mayen, kijana wa Sudani Kusini aliyekulia kambini kaskazini mwa Uganda, alitengeneza mchezo wake, Salaam, juu ya kukimbia vita. Mama yake aliweka akiba miaka mitatu, dola 300, kumnunulia kompyuta. Nilijua habari hizo na niliwahi kuzisoma darasani. Kuziona zikiwa nukta kwenye bitana ya mavyaa wangu kulikuwa kitu kingine.

Mzee aliniambia kitambaa ni changu. Mkewe, akiona nimeduwaa, alileta mkasi, akasema tukigawe, kila nyumba nusu. Nilitazama mahali ambapo mkasi ungepita. Ungepita kwenye nukta. Nikashika mkono wake, nikasema nimekuja kusalimia tu.

Nilifika Arua giza likiingia. Watoto walinitazama mikono, wakaona sina kitu. Niliwaeleza kila kilichoongezwa, na nukta nikazieleza polepole. Kifungua mimba alisikiliza hadi mwisho, akaenda chumbani, akarudi na ile marekani mpya, akaitandaza mezani mwenyewe.

"Na sisi wametuchoraje?" akauliza binti.

"Kichwa chini, miguu juu," nikasema. "Mimi nimeshika birika."

Hakuna aliyesema kitu. Kifungua mimba alifungua maka, akaishikilia juu ya katikati ya nguo, haikugusa. Kitinda mimba akashuka kitini, akazunguka meza mpaka upande wa pili kabisa, akapanda kiti cha huko, mbele yetu.

"Mimi leo ni wa Koboko," akasema, akanyoosha mkono. "Lete hiyo kalamu."

Kaka yake akaisukuma, ikabiringika juu ya weupe wote ule mpaka ikamfikia.